Vidonge vya binamu na uraka wa Oktoba

Kwanza niseme kabisa, msomaji, usije ukanifikiria vingine: dawa ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya binamu yangu, jina lake limeandikwa kwenye kikopo, na daktari aliyemwandikia yuko Kanada. Mimi ni fundi pikipiki wa huku Mnero, Nachingwea, mtu wa ufuta, mbaazi na mikorosho michache ya urithi. Mpaka Oktoba 2022 dawa nilizozijua mimi ni panadol, mseto wa malaria na vile vidonge vya minyoo wanavyogawiwa watoto shuleni, basi. Yaliyonipata ndani ya siku tisa nayaandika kwa sababu binti yangu ameniruhusu. Aliniambia, "Andika baba, lakini jina langu usiliweke." Sijaliweka.

Tangu utoto mimi ni mtu wa kuanza. Kumaliza ndiyo shughuli. Bibi akinituma chumvi dukani narudi na kiberiti, au narudi mikono mitupu kwa kuwa nimesimama njiani kutazama watu wanaochimba choo. Shuleni nilichapwa mpaka walimu wenyewe wakachoka, wakaniita kichwa panzi, na jina likanifaa kweli. Ukubwani mambo hayakubadilika. Siku ya kawaida kibandani kwangu ungekuta pikipiki nne zimefunguliwa na hakuna hata moja iliyofungwa, mwenyewe nimetoka kutafuta plagi ya ile ya kwanza, njiani nimekutana na mtu anauza jogoo, tumeanza kupatana bei. Wateja walinibatiza "Njoo Kesho". Watu walidhani uvivu. Lakini jamani, mvivu si analala? Mimi nilikuwa silali. Kichwa changu ni kama redio inayoshika stesheni tatu kwa mpigo, na kitufe cha kuzimia kimeng'oka.

Kilichonipunguzia kelele ni ulabu. Wasomaji wa mjini huenda uraka hamuujui, mnajua korosho tu zikishakaangwa zikatiwa kwenye vifuko. Huku kwetu korosho ikishang'olewa, lile bibo linabaki, jekundu au la njano, limejaa maji. Unayakamua, unayatia kwenye dumu, yanalala usiku mmoja yanachacha yenyewe bila hamira wala nini, asubuhi una kinywaji kitamu chenye makali yake. Msimu wenyewe ni kuanzia Oktoba kwenda Desemba, mabibo yamezagaa kila kona na bei ni ya bure. Ukiupika ukauchuja kwa bomba unapata gongo, na hiyo sheria inaikataza, ndiyo maana hapa sitaji nilikuwa nainunua kwa nani. Viroba navyo nilivinyonya sana mpaka Serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017. Siku ile niliapa naacha. Niliacha viroba.

Basi bwana, Oktoba ile ya 2022 binamu akaja kwenye arobaini ya mama yake, ambaye kwangu ni shangazi. Kwetu binamu ni mtani, hakuombi radhi akikuambia ukweli. Akashinda kibandani kwangu siku mbili. Siku ya kwanza alicheka mpaka akatoka machozi. Siku ya pili akanyamaza, ananitazama tu navyorukaruka na spana mkononi. Mwisho akasema, "Mtani, wewe una ugonjwa wangu."

Nikamjibu kwamba ugonjwa wake ni kunenepa. Hakucheka. Akanieleza kwamba kule ughaibuni walimpima mtoto wake shuleni, wakamkuta na tatizo la umakini na utulivu, lile linaloandikwa kwa herufi nne, ADHD. Yule daktari akamgeukia baba mtu: na wewe je? Kumbe ni kitu kinachokwenda kwenye damu, kwenye ukoo. Sisi tumezoea kusikia kwamba ni mambo ya watoto watundu, lakini wengi hukua nalo, na hesabu zinazotajwa duniani ni kama watu wazima wawili au watatu katika kila mia. Akanieleza na la pili, kwamba wenye tatizo hili huzama kwenye pombe kuliko watu wengine, kwa sababu wanatafuta kitu cha kukituliza kichwa. Hapo akanitazama usoni.

"Unakunywa?"

"Kidogo. Siku za sikukuu."

Hilo neno "kidogo" nimelitafakari sana tangu siku ile. Usiku wa kuamkia arobaini yenyewe nilikuwa nimejificha nyuma ya banda la mbuzi na kopo mkononi. Yeye alikuwa amechoka na safari, na kwenye msiba mtu haangalii sana nani ananuka nini. Akaniamini. Asubuhi ya kuondoka akanipa kikopo chenye vidonge 30, vya miligramu 10 kila kimoja, akasema nijaribu kimoja asubuhi baada ya kula, nikiona mabadiliko niende nikapimwe vizuri. Nia yake ilikuwa njema, simlaumu. Lakini mwenzangu, huko kwake hapewi vidonge hivyo mpaka apimwe presha na mapigo ya moyo, na aulizwe maswali mengi, la pombe likiwemo. Mimi nilipimwa kwa macho, kwenye gogo la mwembe.

Dawa yenyewe inaitwa methilifenideti, wengi wanaijua kwa jina la Ritalin. (Hapa nina kisa cha pembeni ambacho nilikisoma baadaye nikakipenda. Mkemia aliyeitengeneza mwaka 1944 kule Uswisi, Leandro Panizzon, inasemekana aliipa jina la mkewe, Marguerite, aliyeitwa Rita kwa kifupi. Mama huyo alikuwa na presha ya kushuka, akawa anameza kabla ya kucheza tenisi. Ona mapenzi ya watu wengine. Mimi mke wangu nimempa jina la nini?)

Siku ya kwanza nilimeza kimoja, nikanywa na uji. Baada ya kama nusu saa zile stesheni tatu zikabaki moja. Sijui nikueleze vipi. Nilikaa chini nikafungua kabureta, nikaisafisha, nikaifunga, nikaiwasha pikipiki ikaitika, nikamwita mwenyewe aje achukue. Mwenyewe alikuja na kaka yake kushuhudia. Nikafunga na ya pili. Mke wangu alisimama mlangoni na ungo mkononi akaniuliza, "Baba watoto, leo una nini?" Nikasema nimeamua kubadilika.

Jioni nikaenda kwenye uraka wangu kama kawaida. Hapo ndipo penyewe, msomaji, tafadhali nisikilize kwa makini. Uraka haukunipata. Nilikunywa makopo yangu matatu ya siku zote, kichwa safi, maneno yamenyooka, nikajiona mwanamume wa shoka. Nikaongeza matatu mengine. Nikaenda nyumbani nimenyooka kama nguzo ya umeme. Kilichotokea kinaelezeka: dawa hii inaamsha, pombe inalaza, ukizichanganya ile ya kuamsha inakuficha ulevi wako. Ulevi upo palepale, mikono na macho yamelewa kama kawaida, ila wewe huna habari nao. Halafu vile vidonge vya aina ile nguvu yake ni ya saa chache tu. Ikikatika, ulevi wote uliojificha unatoka kwa pamoja, na mtu hajui amepigwa na nini.

Siku tatu nilimeza kimoja kimoja. Siku ya nne niliamka na kichwa kizito, nikameza viwili ili kuondoa uchovu wa jana, na nikaona kumbe cha mchana kinasaidia kunywa jioni bila kulewa. Kuanzia hapo chakula kikawa hakishuki. Usingizi ukaisha. Moyo unagonga kama mtu anatwanga kisamvu. Siku ya nane na ya tisa nikameza vinne kwa siku, na gongo juu yake, kwa maana uraka niliuona sasa kama maji. Pikipiki za watu nilikuwa nazifungua tena zile nilizokwisha kuzifunga, eti nimesikia mlio.

Siku hiyo ya tisa ilikuwa Jumamosi. Binti yangu, wakati huo yuko darasa la tano, nilimpakia kwenda Nachingwea mjini kumnunulia viatu vya shule. Tulinunua. Nikakutana na washikaji, nikapata mbili tatu, yeye amekaa kwenye benchi anakula muhogo wa kukaanga na viatu vyake kwenye mfuko. Jua linazama tukaanza kurudi. Nakuapia, nilijiona mzima. Kama askari angenisimamisha aniulize umelewa, ningesema hapana na nisingekuwa nasema uongo, kwa jinsi nilivyojisikia mwenyewe. Barabara ya vumbi naijua kama kiganja. Tukiwa tumeshamaliza sehemu kubwa ya safari nikahisi kama mtu amenishushia shuka usoni. Nakumbuka binti akisema "Baba, karavati." Alisema kwa sauti ya chini tu, ya heshima, kama anayenikumbusha kitu.

Mimi nilichubuka. Yeye mkono wa kushoto ulivunjika mahali pawili.

Hospitali sitaitaja, lakini waliotupokea usiku ule walifanya kazi yao na zaidi. Binti akatangulizwa. Mimi nikakalishwa kwenye benchi, jasho linanitoka kwenye baridi, moyo mapigo 140 na ushee, presha 178 kwa 112. Tabibu, kijana mdogo tu, akaninusa akauliza nimekunywa nini. Nikasema uraka kidogo. (Kidogo tena!) Akauliza kama kuna dawa yoyote nimemeza. Nikasema hakuna. Kwa nini nilisema hakuna? Niliona aibu, na niliogopa polisi, maana kikopo kina jina la mtu mwingine. Nilikuwa natetemeka, siwezi kukaa, nafoka na watu. Akageuka kuandaa sindano ya kunituliza.

Mke wangu alikuwa amefika kwa bodaboda, amesimama mlangoni na kanga yake kichwani. Akasema, "Daktari, anameza. Hivi hapa." Akatoa kikopo kwenye fundo la kanga. "Vilikuwa 30. Leo viko 11."

Kumbe alikuwa anavihesabu. Kila asubuhi nikitoka, anatoa kikopo kwenye debe la unga nilikokificha, anahesabu, anarudisha. Ishirini na tisa. Ishirini na nane. Hakujua ni vya nini, na alikuwa hajaamua aniulize vipi, kwa sababu zamani akiniuliza habari za pombe nilikuwa naondoka nyumbani siku mbili. Tabibu akaweka sindano chini. Akaliandika lile jina herufi kwa herufi kwenye karatasi, akaenda kupiga simu kwa mkubwa wake, akarudi na mpango mwingine. Wakanipima moyo kwa mashine, wakanilaza, wakawa wananiangalia kila baada ya muda. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Kesho yake akanieleza kwa utulivu, na mimi sasa nasikia. Kwamba vile vidonge na pombe vikikutana mwilini, pombe inafanya dawa ipande zaidi kwenye damu, na ini linatengeneza kitu kingine kipya kutokana na hivyo viwili. Kwamba dawa peke yake inapandisha presha na mwendo wa moyo, ndiyo maana mtu anapimwa kabla. Kwamba hata zile aina za kumeza mara moja kwa siku, zinazoachia dawa polepole, kuna ambazo pombe inazifanya ziachie haraka. Na kwamba sindano za kutuliza zile za jamii ya diazepamu zikimkuta mtu ana pombe nyingi mwilini zinaweza kumzimisha pumzi, kwa hiyo daktari anapouliza umemeza nini hatafuti umbea. Anapima sindano.

Nilidhani nimemaliza. Siku ya pili wodini nikaanza kuona siafu ukutani. Mikono inacheza, shuka limelowa, naita watu waliokufa. Ile ilikuwa pombe inaondoka. Mtu aliyezoea kunywa kila siku kwa miaka mingi akikata ghafla mwili unagoma, wengine wanaanguka kifafa, wengine wanakufa, na siku mbaya zaidi ni hizo mbili tatu za mwanzo. Mimi nilikuwa najua kwamba pombe inaua mnywaji; kwamba kuiacha vibaya nako kunaua sikuwahi kuambiwa na mtu, si kanisani, si kwenye mkutano wa kijiji. Hapo sasa ndipo waliponipa hiyo hiyo diazepamu, kwa kipimo, pombe ikiwa imeshapungua mwilini, pamoja na vitamini B1. Dawa ile ile! Usiku wa kwanza ingeweza kunizika, siku ya pili ikaniokoa. Tangu hapo sisemi tena dawa fulani ni nzuri au mbaya. Nauliza ya nani, saa ngapi, juu ya kitu gani.

Vidonge 11 tuliwaachia hospitalini. Binamu nilimpigia mimi mwenyewe. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limekwisha, kisha akauliza, "Nilikuuliza kama unakunywa?" Nikasema, uliniuliza. Akasema, "Basi." Utani wetu haukurudi mpaka mwaka uliofuata.

Mwaka 2023, baada ya kuvuna ufuta, nilikwenda Muhimbili kwenye kliniki ya akili. Wapo watakaocheka, wacheke. Daktari wa huko aliniuliza mambo ya utotoni kuliko ya sasa: shuleni ilikuwaje, kabla ya miaka 12 nilikuwaje, nani mwingine kwenye ukoo. Akampigia mama yangu simu! Mama akaeleza habari za chumvi na kiberiti kwa nusu saa. Daktari akaniambia dalili zipo na zinaelekea huko, lakini hataki kuandika jibu la mwisho mpaka nikae mkavu kwa muda wa kutosha, kwa sababu pombe yenyewe, na kukosa usingizi, vinamfanya mtu asahau na ahangaike vilevile.

Nikamuuliza kuhusu ile dawa. Akasema ni dawa ya kweli, inawasaidia watu wengi, na ni dawa inayobanwa: imo kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa dawa za kulevya za akili, kuibeba na kumgawia mtu ni kosa hata kama ni ndugu. Upatikanaji wake kwetu ni mgumu. Shirika la Afya Duniani liliombwa mwaka 2019 na tena 2021 kuiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya tatizo hili, likakataa mara zote mbili, likisema ushahidi haujatosha. Mimi si msomi, lakini hapo nina la kusema. Sisi watu wa vijijini tukikosa mlango wa mbele tunaingia kwa dirishani, kama nilivyoingia mimi, na dirishani hakuna wa kukupima presha. Akanitajia na nyingine, atomoksetini, ambayo hailevyi wala haina ile nguvu ya papo kwa papo, inachukua wiki kadhaa kufanya kazi, nayo inataka mtu mwenye ini zima. Ini langu kwanza lipumzike, alisema.

Kwa hiyo mpaka ninapoandika haya simezi chochote. Niliteleza mara moja, Novemba 2023, mabibo yamerudi na harufu yake hata ukifunga dirisha inapita. Makopo mawili. Nilimwambia mke wangu usiku uleule kabla hajaninusa, akaondoka kulala kwa dada yake, kesho akarudi. Nimekuwa na taratibu zangu: pikipiki moja tu inafunguliwa kibandani, ya pili inakaa nje na funguo anashika mke wangu. Nati na bolti kwenye makopo ya maziwa, kila kopo na namba. Daftari la wateja limetundikwa kwa kamba, maana nilishapoteza madaftari sita. "Njoo Kesho" bado wananiita, ila siku hizi wakija kesho mara nyingi wanaikuta imefungwa.

Yule binti yuko sekondari sasa. Mkono uliunga, umepinda kidogo tu, hauonekani akivaa sweta. Akitoka shule hupitia kibandani, anakaa kwenye tairi, ananipa nati kwa namba nikimtajia, na ni mwepesi kuliko kijana yeyote niliyewahi kumwajiri. Jioni nikifunga kibanda naitoa pikipiki, naipangusa kiti, namwambia panda twende nyumbani.

"Tangulia baba," anasema. "Mimi nitatembea."